Ukishikwa Mkono: Namna ya Kujizoeza Kujinasua kwa Mbinu za Kijapani

Kwa miaka miwili nilijizoeza kujinasua na mwenzangu mmoja, na kila nikizungusha mkono ulikuwa ukitoka. Kisha siku moja ya Idi, barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, ami yangu aliniuliza hizo jioni zote huwa naenda kujifunza nini. Nikamwambia anishike mkono aone. Ami ni mvuvi wa mshipi tangu ujana wake, na vidole vyake vimekomaa kwa kamba na chumvi. Alinishika. Nikazungusha, nikavuta, nikazungusha tena, hadi bega likaanza kuuma. Wala hakuwa akibana kwa nguvu zake zote. Alinishika tu kama anavyoshika mshipi wenye samaki. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyo anayekushika huko, hukushika kweli?"

Swali hilo ndilo lililonifunza zaidi ya mazoezi yote niliyokuwa nimefanya. Mwenzangu alikuwa akiniachia. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mpole, na mimi vilevile nilikuwa nikimwachia. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na anayeshika. Anayejinasua nitamfikia baadaye.

Mambo machache ya kujua kwanza

Katika jujutsu ya zamani, sanaa ya mapambano ya Kijapani, mbinu za kutoa mkono ulioshikwa huitwa te-hodoki. "Te" ni mkono, na "hodoku" ni kufungua fundo. Neno lenyewe limebeba nusu ya somo: fundo halifunguki kwa kuvutwa, linazidi kukaza. Unalitazama, unatafuta kamba imepita wapi, unaisukuma irudi ilikotoka.

Watu wengi huuliza kwa nini Wajapani wanahangaika sana na kushikwa kifundo cha mkono, ilhali siku hizi mgomvi hurusha ngumi. Sababu moja ni upanga. Samurai, askari wa Kijapani wa zamani, alivaa upanga ubavuni kushoto na kuuchomoa kwa mkono wa kulia, na aliyetaka kumzuia asiuchomoe aliukamata mkono huo. Upanga umeondoka kiunoni, lakini kushikwa hakujaondoka. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo, kwenye chumba cha mikeka 12, alijifunza jujutsu kwa sababu alikuwa mtoto mdogo wa mwili aliyeonewa na wenzake. Shule yake, Kodokan, ilipotunga mfululizo wa mbinu za kujilinda mwaka 1956, iliweka mbinu 21, na 7 za mwanzo zote zinaanza tayari umeshikwa: mikono miwili, ukosi mara mbili, mkono mmoja, ukosi kwa nyuma, kukabwa shingo kwa nyuma, na kukumbatiwa kwa nyuma.

Kwenye mazoezi, anayeshika na kupokea mbinu huitwa uke. Anayefanya mbinu huitwa tori. Nitayatumia majina hayo kwa sababu ndiyo utakayoyasikia ukumbini.

Mahali, mavazi na jasho

Usianze bila kujua kuanguka. Hili si la kujadili. Kila mtu ajue kuanguka nyuma kidevu kikiwa kimebanwa kifuani na mikono ikipiga mkeka, maana hata mbinu ya kutoa mkono tu humfanya uke ayumbe. Kama hujui, tumia wiki mbili za mwanzo kuanguka peke yake.

Mikeka ya povu ukumbini ni bora. Ufukweni pia panafaa, ila chagua wakati. Maji yakishakupwa, mchanga ulio karibu na maji huwa umeshikana na ni mgumu kama sakafu. Mchanga wa juu ni laini lakini huzamisha mguu na kuutegua ukigeuka kwa haraka. Mimi hupenda ukanda wa katikati, saa kumi na nusu jioni, jua likiwa limepungua. Tembeeni kwanza miguu mitupu, polepole, mkiokota vigae vya chupa na makombe. Fagio la mnazi husaidia.

Sasa jasho. Wanaofanyia mazoezi sehemu za baridi hawalijui tatizo hili, na hapa kwetu msimu wa kaskazi ndilo kubwa kuliko yote. Baada ya dakika kumi mikono yote imelowa, na mkono uliolowa hutoka hata kama mbinu ni mbovu. Unarudi nyumbani ukidhani umejifunza, kumbe umeteleza. Kwa hiyo kila mmoja awe na taulo, na kabla ya kila zamu uke na tori wote wafute mikono. Vaeni koti la mazoezi la mikono mirefu, au hata shati kuukuu la pamba, ili uke ashike kitambaa na mkono pamoja. Kitambaa hakitelezi. Maji yawe karibu, na mnywe kabla ya kiu.

Ondoeni saa, pete, bangili. Kucha zikatwe. Anayevaa mtandio atoe pini zote na asifunge fundo shingoni, maana fundo hilo likivutwa linakuwa kitanzi.

Ishara ya kusimamisha ni kugonga mara mbili, iwe kwenye mkeka, kwenye mwili wa mwenzako au kwenye paja lako mwenyewe. Ikigongwa, mkono unaachwa pale pale, hata kama unadhani mwenzako hajaumia.

Hatua ya kwanza: mfunze uke kushika

Hapa ndipo watu wanaporuka, na hapa ndipo ningependa mkae muda mrefu.

Uke asimame karibu kiasi cha kuweza kushika bila kujinyoosha. Kiganja kilale juu ya mkono wa tori bila nafasi katikati. Aanze kufunga kidole kidogo, kisha cha pete, kisha cha kati, na dole gumba lizunguke lifunge. Wengi hushika kwa dole gumba na cha shahada tu, na hao huachia kwa wepesi. Mwangalie mtu anayebeba ndoo ya maji akipanda ngazi: uzito wote umekaa kwenye vidole vya mwisho.

Kisha uke awe na nia. Mtu hashiki mkono wa mwenzake kwa ajili ya kuushika tu. Anataka kukuvuta aende nawe, au kukusukuma ukutani, au kuuzuia mkono usifike mahali. Kabla ya kila zamu uke achague moja kati ya hayo matatu, akae nalo. Hiyo nia ndiyo inayompa tori kitu cha kufanyia kazi. Kano alikuwa akieleza kwa hesabu ndogo: chukulia nguvu za mwenzako ni 10 na zako ni 7. Ukishindana naye anavyokusukuma, utaanguka hata ukitumia zako zote. Ukimpisha, atayumba, na wakati anayumba nguvu zake zinazobaki ni kama 3, nawe bado una 7. Uke asiyesukuma wala kuvuta hakupi cha kumpisha.

Mshiko uwe wa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya kuonyesha: mkono umeshikwa lakini unaweza kusogea, ili tori aone njia. Ngazi ya pili ni ya kubana, uke akikaa pale pale. Ngazi ya tatu ni ya kweli: anabana, anafuata ukisogea, na akiona unalegea anabana tena. Msipande ngazi kabla tori hajatoka mara kumi kwa kila mkono. Na uke asipande ngazi kimyakimya kwa kutaka kumshinda mwenzake. Aseme, "Sasa nabana." Anayebana kwa siri anamnyima mwenzake masomo sawasawa na anayeachia kwa siri.

Hatua ya pili: tafuta mlango

Jishike mwenyewe sasa hivi unaposoma. Mkono wa kulia uushike wa kushoto pale unapovaa saa. Tazama vidole vinne vimezunguka upande mmoja, dole gumba limezunguka upande wa pili, na mahali ncha zinapokutana. Hapo ndipo mlango. Pande nyingine zote ni ukuta.

Sasa utazame mkono ulioshikwa. Karibu na kiganja mkono si mviringo. Ni kama upanga, una bapa na una makali. Ukiupeleka mlangoni kwa bapa, unakwama. Ukiugeuza, ule mfupa wa upande wa dole gumba lako ukatangulia, unapita. Fanya polepole mara kadhaa ukiwa umekaa, mpaka mkono ujue wenyewe.

Hatua ya tatu: mguu kwanza, mkono baadaye

Kosa nililolifanya mbele ya ami lilikuwa kuvuta. Nilivuta mkono kuja kwangu, na hapo ikawa mkono wangu dhidi ya mkono wa mvuvi. Kinachofaa ni kinyume: kisukusuku chako kiende kwake, na mwili ukifuate.

Uke akikushika mkono wa kushoto kwa mkono wake wa kulia, yaani upande ulio mbele yake, mlango umetazama ndani, kifuani kwako. Piga hatua ya mguu wa kushoto kwenda mbele, kisukusuku kielekee mkononi mwake, na kiganja chako kipande kuelekea bega lako la kulia. Mwendo ni ule wa mtu anayetupia ncha ya leso, yaani kanga, begani. Wanafunzi wangu wa kike huupata siku ya kwanza kwa kuambiwa hivyo tu. Wa kiume huchukua wiki, kwa kuwa wanataka kutumia misuli.

Akikushika kwa kuvuka, mkono wake wa kulia juu ya mkono wako wa kulia, mlango uko nje. Hatua ni ya mguu wa kulia, kisukusuku mbele, na mkono unapanda kwa nje kama anayepeleka simu sikioni.

Tori atazame nini? Si mkono. Ukiutazama mkono ulioshikwa, kichwa kinainama, mgongo unapinda na miguu inasahaulika. Tazama kifua cha uke, umwone wote. Na utoe pumzi unapopiga hatua. Ukitaka kujua kama mtu anatumia nguvu mahali pa mwili, sikiliza: akiwa ameziba pumzi, anavuta.

Wanaokwama katika ngazi ya tatu nawapa zoezi moja. Uke anabana, na tori haruhusiwi kutoa mkono. Kazi yake ni kuuacha mkono pale ulipo, kama umepigiliwa msumari hewani, na kuusogeza mwili kuuzunguka: hatua kushoto, hatua kulia, kuingia, kugeuka. Baada ya dakika tatu anagundua kwamba aliyeshikwa ni mkono peke yake. Miguu, kiuno na mkono wa pili vyote viko huru.

Hatua ya nne: mikono miwili juu ya mmoja

Huu unatisha kuliko ulivyo. Uke akikamata mkono wako mmoja kwa mikono yake miwili, madole gumba yote mawili huwa juu, kwa hiyo mlango uko juu. Funga ngumi. Pitisha mkono wako huru katikati ya mikono yake, ushike ngumi yako mwenyewe. Shusha kiuno, ingia hatua, sukuma kisukusuku mbele, na ngumi ipande juu kuelekea shingoni kwako huku miguu ikinyooka. Angalia nafasi: ngumi ikichomoka ghafla inaweza kumpiga uke kidevuni, basi uke aweke uso kando.

Ukishikwa mikono miwili, kila mmoja kwa mkono wake, usijaribu kutoa yote pamoja. Toa mmoja kwa njia ya leso, na wa pili kwa kawaida hulegea wenyewe.

Hatua ya tano: nguo na nywele

Akishika nguo kifuani, mwili unataka kukimbia nyuma na nguo kuchanika. Badala yake, ifunike ngumi yake kwa mikono yako miwili na uibane kifuani kwako, kana kwamba hutaki aondoke. Sasa ngumi yake imekuwa sehemu ya mwili wako. Rudi hatua moja kwa mshazari upande ulioshikwa mpaka mkono wake unyooke, kisha geuza kiwiliwili. Vidole hulegea. Zipo mbinu za kuendelea hapo na kukunja kifundo cha mkono wake. Ziacheni hadi mwalimu awepo. Kifundo kikikunjwa ghafla huumia kabla mtu hajawahi kugonga.

Nywele ni vivyo hivyo: mikono miwili juu ya mkono wake, uibane kichwani ili asiweze kuvuta, kunja magoti, na umwendee. Ukijivuta kwenda mbali unajiumiza mwenyewe. Kwa anayevaa mtandio, kitambaa kikishikwa, kiache kiende. Ndiyo maana nawashauri wavae kofia ya ndani, ili asitiriwe hata hapo na moyo wake usisite.

Hatua ya sita: nyuma

Kukumbatiwa kwa nyuma juu ya mikono ni zoezi ninalolipenda, kwa sababu haliwezi kufanywa kwa mikono hata ukitaka. Toa pumzi, panua miguu, shusha kiuno kama unayekalia kigoda cha mbuzi ya kukunia nazi. Wakati huohuo visukusuku vifunguke mbele na kwa pembeni. Katika mfululizo wa Kodokan, tori hukanyaga kwanza mguu wa uke kwa kisigino. Mazoezini tunaugusa tu. Mshiko ukipanda na kulegea, sogeza kiuno upande mmoja na upige hatua kuelekea nyuma yake.

Shingo tunaigusa kwa hadhari. Wanaoanza na watoto wasikabane kabisa. Uke aweke mkono begani na kifuani, akiigiza. Kwa waliokomaa, mkono ukipita shingoni, kidevu kishuke mara moja, mikono miwili iuvute mkono wake kwenda chini, kiuno kishuke, na ugeukie upande wa kisukusuku chake. Mshipa wa shingo ukibanwa sawasawa mtu hupoteza fahamu kwa sekunde chache, kwa hiyo mwalimu awe amesimama pale pale.

Hatua ya saba: toka ukumbini ukiwa bado ukumbini

Miezi mitatu ikipita, badilisheni mazoezi. Vaa nguo zako za kila siku, viatu vyako, na mkoba wako ukiwa na vitu ndani. Tembea kutoka ukuta hadi ukuta, na uke akushike wakati asioutangaza. Mwingine afanye akiwa amefumba macho, aisikie nia ya mshiko kwa ngozi. Wengine wanne au watano wasimame wamesongamana kama abiria wa feri ya Likoni wakati milango inafunguliwa, ili tori ajue kwamba hatua ya kwenda kando wakati mwingine haipo, na atalazimika kuingia au kugeuka pale pale aliposimama.

Na sauti iwepo. "Niache mkono!" kwa sauti ya tumboni, kila mara, hadi aibu iishe. Wasichana wengi nilionao hutoa mkono vizuri kabla hawajaweza kupaza sauti, nami huwaambia kwamba zoezi lao bado halijakamilika.

Makanga anayekuvuta mkono uingie gari lake pale Mwembe Tayari si adui. Kwake maneno yanatosha, na ukiuondoa mkono kwa mwendo wa leso, bila kumuumiza, nyote mtaendelea na shughuli zenu. Anayekuvuta uchochoroni ni mwingine. Kwake, mkono ukishatoka, ondoka mbio kuelekea kwenye watu. Ndiyo maana kila zamu mazoezini iishe kwa tori kukimbia hatua tano, na asisimame kutazama kama mbinu imependeza. Na akitaka mkoba tu, mpe mkoba.

Kwa wiki, mara mbili za dakika 40 zinatosha: 10 za kuanguka na kupasha viungo moto, 20 za mshiko mmoja tu, 10 za kubadilishana wenza. Badilishaneni kweli. Shikwa na mrefu, na mfupi, na mwenye mikono minene, na mtoto wa miaka kumi na mbili ambaye vidole vyake havikuzunguki na bado ana ujanja wake. Kifundo kikivimba, pumzika na ukikande kwa maji baridi. Vidole vikifa ganzi au ngumi ikikataa kufunga, nenda hospitali.

Mimi nilimrudia ami baada ya miezi minane. Alikuwa barazani palepale, anafunga ndoana. Akafuta mikono kwa kikoi, akanishika wa kushoto, na safari hii alibana tangu mwanzo. Sikuvuta. Niliingia hatua moja hadi nikasikia harufu ya chambo kwenye shati lake, nikatupia leso begani. Akakitazama kiganja chake kilichobaki wazi, kisha akaunyoosha mkono wa pili.

"Haya," akasema. "Na upande huu."